Umeswali kwa Kukaa, Mume Wangu

Mume wangu Shabani,

Adabu umeiacha wapi? Simu ya bibi yako hupokei, goti lako bovu, halafu unatuma picha unaning'inia kwenye goli la kikapu umekenua meno. Haya, naandika humu kwenye kundi letu la wafanyabiashara wa Guangzhou, waisome wote. Aibu ni yako.

Ulipokuja huku kwangu ulikuwa na miaka kumi na minane. Kanzu ya urefu wako haikupatikana, nikakupeleka soko la Zhongda tununue kitambaa. Yule laoban, mwenye duka, akakupandisha macho toka miguuni, akauliza kama nashona pazia. Ukacheka. Mimi nikamtukana kwa Kiswahili, na bei akashusha.

Timu ya mji mwingine ikakuchukua, ikakufanya senta, yule mrefu wa chini ya goli anayepigwa viwiko na kila mtu. Mtaani kwetu Dar nani aliwahi kulipwa mshahara kwa mpira wa kikapu kabla yako? Nikaja kukutazama. Sheria sikujua hata moja, ila kila aliyekusukuma nilimshika sura. Wakaniambia nikae. Sikukaa.

Wiki iliyopita ukaja kunisalimia. Magharibi ikaingia, ukavuta kiti ukaswali umekaa. Nikakuuliza, ukasema, "Uchovu wa treni tu, bibi." Uchovu! Mimi nina miaka sabini na moja na paji langu linafika chini. Kocha umemdanganya, daktari wa timu umemdanganya. Ulipofika mbele ya Mungu, goti likakataa kusema uongo.

Najua unachoogopa. Mkataba unakaribia kwisha, ukikaa nje watamleta mrefu mwingine. Na mimi nina kosa langu, nalisema hadharani: kila mteja nilimwonyesha picha zako, hata waliokuja kuuliza bei ya vitenge tu. Ukaona ukianguka utaniangusha na mimi. Hilo nalifikiria kila siku nikikunja vitambaa, na linaniuma kuliko mgongo.

Sasa sikia. Wakimleta mwingine, wamlete. Picha zile ni za timu, lakini miguu hiyo nimeipaka mafuta mimi tangu haijajua kusimama. Nataka siku moja uje kukimbizana na wanao.

Kesho asubuhi, kabla hujavaa viatu vya mazoezi, mwambie kocha ukweli wote. Kisha panda treni uje, hospitali nakupeleka mwenyewe. Na usiniletee maneno.

Bibi yako, mkeo wa kwanza