Viganja kwenye Boneti

Ruguru, usicheke. Kinyua wangu ameharibu gari.

Si alilipaka mwenyewe ile dawa ya ceramic ya kung'arisha rangi jana, hapa mtaani Majimbo? Kabla ikauke, mamake akafika na wamama wa kanisa kuombea gari. Wakaweka mikono kwenye boneti. VIGANJA SITA, Ruguru! Na Kinyua akawaacha, eti maombi hayakatizwi.

Leo imekauka ngumu kama mawe. Viganja vyote vinaonekana.

Ameanza kusugua na polishi, mamake akatoka nje. "Kinyua, unafuta maombi?"

Alikuwa ameshafuta vitano.

Kimebaki kimoja, kile chenye kidole kilichopinda. Mama ameweka mkono wake juu ya kiganja hicho. Umetoshea kabisa.

"Haya," amemwambia, "endelea."

Kinyua ameshika tu kitambaa, hafuti.