Sifa Nilizomwombea Yaya Gazetini

Kadutu, Alhamisi, Desemba 1958

Mvua ilianza kabla ya saa sita mchana, na mpaka sasa, saa ya kuwasha taa, haijaonyesha nia ya kuacha. Njia yote ya kushuka kwetu imekuwa matope. Miguu nimeiosha na kuirudia, bado naona wekundu kwenye kucha. Moyo nao hauko mahali pake. Naandika kwa sababu nikikaa bure nitalia, na nikilia Maman Safari, mke wa kaka yangu, atakuja kuniuliza, na leo nimeshasema ya kutosha katika nyumba hii.

Kura zimepita. Kaka yangu Anselme ameshindwa.

Hilo Kadutu nzima inalijua. Lisilojulikana ni lile nililolijua mimi leo mchana, nikiwa nyumbani kwa rafiki yake Déogratias na kitambaa cha mtoto mkononi.

Anselme namwita Yaya, kama tunavyomwita kila aliyetutangulia kuzaliwa. Baba alipokufa kule Nyangezi, yeye ndiye aliyenichukua, akaniweka shule kwa Masista, na mpaka leo nalala katika chumba alichonijengea uwanjani kwake. Ni infirmier, muuguzi, kwenye dispansere. Ana watoto watano, wa mwisho bado mchanga. Wanaume wenye mvi humwamkia kofia ikiwa mkononi, na si kwa kuogopa sindano. Waliposema mwaka huu mji wetu nao utachagua washauri wa baraza la komini, wazee wa mtaa walikuja wenyewe kumwomba asimame.

Sisi wanawake hatukuitwa kupiga kura. Labda ndiyo maana nilitafuta mlango wangu wa kujiingiza. Afadhali ningetulia na mashini yangu ya kushonea.

Kilichoniwasha ni gazeti la mapadri, lile la Kiswahili ambalo hata asiyejua kusoma husomewa. Kila lilipotoka, Mwalimu Basile alikuwa ndani. Bwana Basile amesimamia kwaya. Bwana Basile amewaasa vijana. Picha ya Bwana Basile na tai yake. Mwalimu Basile ni mtu mwema, sina neno naye, lakini naye alikuwa anakitaka kiti kile kile cha mtaa wetu. Yaya alipata mstari mmoja, na jina lake wakalikosea. Gazeti halikuandika popote kwamba mchagueni Basile. Halikuhitaji. Yaya alilisoma, akalikunja, akasema tu, "Ile gazeti iko na mutu wake. Tuache."

Mimi sikuacha, wala sikumwambia.

Jumamosi huwa naenda Muhumba, mtaa wa Wazungu, kumshonea Madame, mke wa mwenye gazeti la Kifaransa la hapa mjini. Lile ni gazeti la Wazungu: kahawa yao, mashamba yao, nani amewasili kutoka Ubelgiji na nani anarudi. Kwa akili yangu, gazeti ni gazeti. Nikiwa nimepiga magoti napima upindo wa gauni lake, nilimwomba amwambie mumewe aandike juu ya kaka yangu, hata kidogo. Nikamsifu Yaya kwa Kifaransa changu chote. Nikampa na foto, ile ambayo Yaya alitugawia watu wake wa karibu, amesimama nyuma ya daktari Mzungu na beseni mkononi. Niliiona ni foto ya heshima. Koti lake lilikuwa limepigwa pasi vizuri sana.

Gazeti likatoka. Foto ilikuwepo, na chini yake maneno machache: wapiga kura wa Kadutu wangefanya vyema kumchagua Anselme, un brave garçon.

Nililisoma uwanjani mbele ya majirani, nikilitafsiri kwa Kiswahili papo hapo, maana si wengi wanaojua Kifaransa na mimi sijawahi kuchoka kuwaonyesha kwamba ninakijua. Brave, Masista walitufundisha, ni shujaa. Garçon ni kijana. Nikatangaza kwamba gazeti la Wazungu linasema Yaya ni kijana shujaa. Akina mama wakapiga vigelegele. Maman Safari akaleta kasiksi, na wanaume wakanywa ile pombe ya ndizi kama vile kura zimeshahesabiwa. Nilijisikia mkubwa siku hiyo, kwa nini nifiche.

Karani mmoja wa posta alikuwa anapita. Akaomba gazeti alione mwenyewe. Alisoma, akacheka mpaka akashika ukuta.

"Monitrice," akaniambia, maana ndivyo wanavyoniita kwa ajili ya kazi yangu ya kufundisha ushonaji, "brave ikikaa mbele, haiko ushujaa tena. Brave garçon ni vile Muzungu anasemaka juu ya boyi yake wa nyumba mwenye haibake sukari."

Kicheko kikakatika. Mzee mmoja jirani yetu akauliza taratibu, kama anayetaka kueleweshwa tu, "Mushamuka wa batoto batano, banamuita garçon?"

Mushamuka, kwa Kishi chetu, ni mtu mzima aliyekamilika, ambaye akisema wengine husikiliza. Majirani wakaanza kuaga mmoja mmoja.

Kesho yake neno lilishaota miguu. Yaya akipita mbele ya bar, mtu anaita kwa sauti, "Garçon, brave garçon, leta ingine," kana kwamba yeye ndiye anayegawa bia. Watoto wakalidaka. Wakubwa wakasema waziwazi kwamba huyu ni mtu wa Wazungu, gazeti lao limeshamchagua, basi sisi tuchague wetu. Alipita katikati ya hayo yote na mkoba wake wa kazi, akisalimia kama kawaida, na mimi nilikuwa namwangalia kutoka dirishani nikitamani ardhi inimeze. Siku ya kura ikafika. Mwalimu Basile akaingia.

Yaya hakulalamika juu ya kura. Alilalamika juu ya Déogratias.

Déo ni rafiki yake tangu ujana wao. Anafanya kazi ya kupanga herufi pale pale gazeti la Wazungu linapochapwa, na foto ile naye anayo. Kwa Yaya hapakuwa na fumbo. Alisema Déo amemuuza, amewapelekea Wazungu sura yake wamchezee. Aliyasema hayo mezani mbele yetu sote. Mimi nilikuwa nachambua maharage. Nikaendelea kuchambua.

Pale ndipo ningesema. Sikusema. Niliogopa macho yake, niliogopa na kupoteza chumba changu. Wanasema mdomo huponza kichwa. Wangu uliponza kichwa cha kaka yangu kwa kusema, halafu ukaponza cha rafiki yake kwa kunyamaza, na chenyewe kichwa changu kiko salama na kitambaa juu.

Jumapili hii mtoto mchanga anabatizwa, na Déo ndiye angekuwa parrain wake, baba yake wa ubatizo. Alishanunua kitambaa cheupe cha gauni la ubatizo, akaniletea nishone. Leo asubuhi Yaya, akifunga viatu, aliniambia, "Ile kitambaa umurudishie mwenyewe. Mutoto wangu atapata parrain mwingine."

Nikakifunga ndani ya pagne, kitenge changu, ili kisilowe, nikapanda kwa Déo. Njiani niliishukuru mvua, kwa sababu mtu anayekimbia mvua haulizwi habari za nyumbani.

Déo alikuwa amerudi kula chakula cha mchana. Vidole vyake vina wino hata siku za sikukuu. Alinivutia kiti. Niliweka kitambaa mezani, nikamwambia Yaya amenituma. Déo akasukuma sahani yake kando.

"Ile neno niliipanga na hii mikono," akasema. "Niliona itamuharibia. Nikaenda kwa patron wa gazeti, nikamuomba atoe garçon, aweke Monsieur. Unajua alinijibu nini?"

Nikatikisa kichwa.

"Alisema: ni dada yake mwenyewe alisema vile kwa Madame. Sasa yeye patron ni nani abadilishe?"

Sikuelewa mara moja. Kisha nikajiona niko chini sakafuni kule Muhumba, pini mkononi, upindo wa gauni mbele ya macho yangu, na nikasikia sauti yangu: C'est un brave garçon, Madame.

Nilisema. Ni mimi.

Neno lenyewe nililiokota kwa Madame. Ndivyo anavyosema juu ya mpishi wake, na kila akisema anatabasamu. Nikadhani ndilo neno la kumsifu mtu mbele ya Wazungu. Nilikuwa nimeliweka akiba, na siku ya kumwombea kaka yangu nikalitoa kwa furaha, kama mtu anayetoa sahani nzuri kwa ajili ya mgeni.

Tangu siku ile nimelilaani gazeti, mimi na mtaa mzima. Na gazeti lina kosa lake, hilo siliondoi. Mzungu gani wa Bukavu waliwahi kumwandika brave garçon? Hata yule anayebebwa amelewa kutoka hoteli kila Jumamosi, gari lake likianguka mtaroni, anaandikwa Monsieur. Mwenye gazeti alilipokea neno langu kwa sababu lilimfaa, lilikaa vizuri chini ya foto ya mtu mweusi na beseni. Lakini neno sikuletewa na gazeti. Nililipeleka.

Nilimwuliza Déo kwa nini hakumwambia Yaya. Alikuwa anafuta meza, hakuinua kichwa.

"Miye niko mutu wa inje. Akinikasirikia, niko na nyumba yangu. Weye unalalaka kwake." Akakikunja kitambaa, akanirudishia. "Enda ushone. Usimuambie kitu."

Nilishuka nikilia bila kujificha, mvua ikinisaidia.

Yaya aliporudi kutoka kazini nilimngoja amalize kula. Aliuliza, "Alipokea?" Nikaweka kitambaa mbele yake. Nikasema yote: Muhumba, foto, patron, mpaka neno lenyewe na lilitoka kinywani mwa nani. Nilisema nimesimama, maana nilijua nikikaa nitaanza kupunguza. Maman Safari akamchukua mtoto, akaingia chumbani.

Nilingoja anifukuze. Kweli afadhali angefoka. Alinawa mikono, akaifuta, halafu akaniuliza kwa sauti ile anayotumia kwa wagonjwa.

"Générose, weye pia njo vile unanionaka?"

Nikasema hapana, Yaya, sikuoni hivyo.

"Basi juu ya nini ulimupatia Madame ile neno?"

Alingoja nijibu. Alingoja kweli, mikono juu ya meza. Nilipokosa jibu akasimama, akavaa koti la mvua, akatoka kuelekea kwa Déo. Hakuniaga.

Bado hajarudi. Kwa hao wawili sina hofu. Watakaa, watanyamaza, mmoja atacheka kwanza, yataisha. Kitambaa nimeshakikata, gauni litakuwa tayari, na parrain nadhani atakuwa yule yule. Kiti cha komini hakitarudi, lakini rafiki atarudi. Lililobaki hapa chumbani ni swali, na ni langu peke yangu.

Jibu ninalo, Yaya. Nimelipata wakati naandika, na ni baya. Ningekuwa namsifu mtu kwa Kishi, ningesema mushamuka bila kufikiri. Kwa Kifaransa sikutafuta la kulingana nalo. Niliogopa nikimtaja mkubwa Madame atashtuka, kwa hiyo nilikupunguza kidogo ili akupokee.

Na si kwamba neno lilikosekana. Monsieur ni somo la kwanza kabisa kwa Masista. Namwita hivyo mume wa Madame, namwita daktari, namwita hata yule Mgiriki wa dukani anayenipunja uzi. Sasa hivi nimejaribu kulisema na jina la kaka yangu, peke yangu hapa, kwa sauti: Monsieur Anselme. Mara ya kwanza nilicheka. Kicheko kidogo, kimetoka chenyewe, na hicho kimeniuma kuliko kura zote.

Keshokutwa Madame ananingoja na gauni lake. Ataniuliza kama brave garçon wetu ameshinda.

Nina kesho nzima ya kujizoeza kumjibu.