Maziwa, Maharage na Mlima wa Igurwa

Igurwa, Jumatano. Manyunyu tangu alfajiri, na ukungu umeukalia mlima mpaka jioni hii.

Kalisti bado hajasema neno.

Nimeandika sentensi hiyo nikaweka kalamu chini, kisha nikaichukua tena. Mimi ni mtu wa maneno mengi. Leo nililo nalo ni hilo tu.

Kwa miaka mingi nimegombana magazetini na mabwana wanaosema vijana wa Karagwe hushindwa kwenye mbio za Bukoba kwa sababu ya uvivu. Uvivu! Mtoto anayebeba mzigo wa nyasi kichwani kutoka rweya, kule kwenye mbuga ya juu, hadi kibanjani kwao kuitandazia migomba, huyo ni mvivu? Niliwajibu kwamba nguvu ipo, kinachokosekana ni mafunzo na lishe. Nikaazima kila kitabu cha mazoezi nilichosikia kipo, kisha nikawakusanya wavulana wa shule yetu ya kati. Wapande mlima na mawe mabegani. Waruke kichura. Wavutane kwa kamba mpaka viganja viwake moto.

Na wanywe maziwa. Hilo nililipigania kuliko yote. Mzee Rwabigimba, mfugaji wa ng'ambo ya kilima, alikubali kutupa maziwa ya jioni bila malipo. "Waitu Mwalimu," aliniambia akicheka, "mwaka huu ng'ombe wangu watafika Bukoba kwa miguu ya watoto wako."

Badala ya kuongezeka nguvu, vijana wakapungua. Miguu ikawa mizito, macho yakaingia ndani. Mimi nikafanya nini? Nikaongeza mawe. "Pandisha, bibi harusi!" nilimpigia kelele Kalisti jana alasiri, naye ndiye mkimbiaji wangu bora. Akapandisha. Karibu na kilele akaanguka chali, jiwe likamwangukia kifuani, kichwa kikagonga mwamba.

Tulimshusha kwa machela hadi zahanati ya misheni. Deo, rafiki yake, alishika mti wa mbele pamoja nami.

"Alikula nini mchana?" nilimwuliza.

"Hakula, Mwalimu."

"Maharage ya shule yalikwisha?"

"Yalikuwepo. Sisi hatuli."

"Sisi nani?"

"Sisi wa maziwa."

Nusura niangushe machela.

Kwa mwiko wa wafugaji wa huku, aliyekula maharage hanywi maziwa siku hiyo hiyo, ng'ombe asije akadhurika kiwele. Chakula cha mchana shuleni kwetu ni maharage, kila siku ya Mungu. Asubuhi wengi wao hutoka nyumbani bila kutia kitu kinywani. Basi kwa kuyatunza maziwa yangu, wamekuwa wakipanda mlima na mawe na tumbo tupu, na mchana sahani zao wakiwagawia wenzao. Mzee hakuwaambia kitu. Hakukuwa na haja ya kuambiwa.

Mwiko huo naujua. Mimi ni mzaliwa wa Muleba, sikushuka kutoka mwezini. Ila mwaka jana nilitangaza gazetini kwamba umekufa, kwamba vijana waliosoma wameuzika. Niliwasomea makala hayo darasani, na Deo huyu huyu akapiga makofi kuliko wote. Jana, machela mikononi, nikamwuliza kwa nini basi alishangilia.

"Uliandika vizuri, Mwalimu," akasema. "Lakini ng'ombe ni wa mzee."

Usiku kucha nimetafuta mtu wa kumkasirikia. Idara ya Elimu inayodhani mtoto ni gunia la kujazwa maharage. Mabwana wa Bukoba na kejeli zao. Wote wanastahili, na siku nyingine nitawapa haki yao. Lakini hakuna hata mmoja wao aliyemtwika Kalisti jiwe.

Nilimtwika mimi.

Leo asubuhi nilikwenda zahanati. Mganga anasema mbavu zitaunga, anachohofia ni kichwa, maana bado hajazinduka. Mama Kalisti ameketi kando ya kitanda, kitenge kimelowa. Nilijiandaa kutukanwa. Nilikuwa nimeyatamani hayo matusi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Mwalimu. Umekula?"

Nilitikisa kichwa. Akafungua jani la mgomba, akanikatia ndizi iliyopikwa.

"Kaa ule. Na wewe ukianguka, nani atakubeba, mwili wote huo?"

Nikakaa. Nikala. Sijawahi kumeza kitu kigumu kama ile ndizi laini.

Alasiri nilipita uwanjani bila kukusudia. Walikuwepo wote, wamejipanga kwenye manyunyu, kila mmoja na jiwe lake miguuni. Hakuna aliyewaita. Ila sikuwa nimewaambia wasije.

"Mmekula?"

Wakatazama mawe yao.

"Nendeni mkale! Sasa hivi!"

Deo akakohoa kidogo. "Tukila, Mwalimu, jioni tutamwambia nini mzee? Kwamba maziwa yake hatuyataki tena?"

Mimi, niliyewajibu maofisa na mapadri bila kutafuta neno, niliwaambia warudi nyumbani tu. Sijui kama wamekula.

Bukoba hatuendi. Hilo nimekwisha kuliamua, na anayetaka kucheka acheke.

Kesho mapema nitavuka kilima kwa Mzee Rwabigimba. Siendi na hoja. Nitamweleza kwamba vijana wanashinda njaa kwa kumheshimu, kisha nitamwomba awaambie kwa kinywa chake mwenyewe wale maharage yao, maziwa wayaache. Mimi nikiwaambia watapiga makofi tu.

Na Kalisti asipoamka, nitaandika dhidi ya nani?