Lete ingine nijue

Furaha, mujukuu wangu,

Siye huku Bunia tunapumua bado. Mama yako mudogo alizaa mutoto mwanaume, anafanana na miye, tumuombee. Magoti yangu iko mu grève, imegoma kutembea.

Uliuliza, ukikuja vakansi, mandazi ya muzuri tutakula wapi. Ngoja.

Wakati nilikimbia shule, nilienda Nizi. Kule musichana mumoja alikuwa anakaanga mandazi pembeni ya barabara. Nikaonja, nikamuambia, "Dada, hii ni jiwe. Lete ingine nijue kama zote iko vile." Akacheka, akanipa ingine bure. Ule musichana ndiye tate yako mwanamuke, bibi yangu niliyeoa. Tangu pale, kila asubuhi mu nyumba yetu: "Ni jiwe. Lete ingine nijue." Na yeye: "Kula, mujinga weye!"

Mwaka jana, ugonjwa ilipomulaza, aliniuliza, "Baba Zawadi, kweli mandazi yangu ilikuwa mubaya?"

Nikajibu, "Lete ingine nijue."

Nikangojea acheke. Akageukia ukuta. Kesho yake tukamulilia.

Juzi, huku Bunia, kule Rwambuzi, nilimuambia mama mumoja wa mandazi, "Hii ni jiwe." Akaninyanganya sahani: "Muzee, enda kula kwako!"

Ile mandazi ilikuwa tamu, Furaha. Hata ule mama sikumuambia. Ukikuja, enda kwake weye peke yako, umuambie iko muzuri. Miye ile neno nilichelewa nayo.

Tate yako mwanaume, wa mudomo mubaya