Nani Atafundisha Miundo ya Data: Kumbukumbu za Kikao cha Nne cha Maandalizi ya Somo

TAREHE: Ijumaa, siku kumi kabla ya muhula kufunguliwa
MAHALI: Maabara ya Kompyuta, ghorofa ya kwanza (ufunguo wa chumba cha mikutano haukupatikana)

WALIOHUDHURIA
1. Mkuu wa Idara – Mwenyekiti
2. Mhadhiri wa somo, ambaye wanafunzi humwita Mwalimu Foleni (mwenyewe ameridhia liandikwe)
3. Mhadhiri Msaidizi, aliyewahi kufundishwa na Na. 2
4. Fundi wa maabara
5. Mwakilishi wa wanafunzi
6. Katibu wa Idara – Mwandishi

HAKUHUDHURIA
Mratibu wa Mitihani, bila taarifa, mara ya tatu mfululizo.

KUMB. NA. 4/1: KUFUNGUA KIKAO
Mwenyekiti alifungua kikao saa 8:40 mchana badala ya saa 8:00. Alisema hana hotuba, kwamba amechoka na anajua wote wamechoka. Hakuna aliyepinga.

KUMB. NA. 4/2: HALI YA MAABARA
Fundi alieleza kwamba kati ya kompyuta arobaini, zinazowaka ni ishirini na mbili, na kwamba ameshaandika barua tano. Mwenyekiti alisema alipokea tatu. Fundi alisema, "Basi mbili zimeliwa na mchwa." Mwenyekiti alimtaka achunge ulimi wake. Ilikubaliwa wanafunzi wakae wawili wawili, kwa zamu.

KUMB. NA. 4/3: MATOKEO YA MWAKA ULIOPITA
Mwenyekiti alikumbusha kwamba wanafunzi tisini walifanya mtihani na sitini na watatu walifeli. Hao wote wanarudia somo pamoja na wapya.

Mwakilishi alisema wenzake hawalalamikii kufeli, ila hawaelewi wamefeli vipi. Alitoa karatasi mbili zenye jibu lilelile, neno kwa neno, katika swali la miti, mmojawapo wa miundo ya data. Moja ilipewa alama kumi na mbili, nyingine mbili. Hakuulizwa kwa nini majibu yalifanana.

Msaidizi alisema jambo hili alilileta mwaka jana, akajibiwa kwamba aliyesoma jana asimfundishe mwalimu wake. Aliomba hilo liandikwe. Limeandikwa. Aliongeza kwamba ameandaa mazoezi mapya kwa wiki sita na Mwalimu hajayafungua hata ukurasa mmoja. "Nimekuwa naongea na ukuta," alisema, akapendekeza somo apewe yeye.

Fundi alisema Mwalimu hajakanyaga maabara tangu wiki ya pili ya muhula uliopita. "Wanafunzi wananiuliza mimi programu zao zimekwama wapi. Jamani, mimi kazi yangu ni nyaya."

Mwenyekiti alimtaka Mwalimu ajibu.  Mwalimu alimwomba Mwakilishi amsomee jibu lile. Mwakilishi alisema karatasi iko mbele ya Mwalimu.

Mwalimu alisema, "Nisomee, mwanangu. Sioni."

Mwenyekiti aliagiza pazia lifunguliwe. Mwalimu alisema pazia halina kosa. Alieleza kwamba ni mwaka na nusu sasa, kila anachokitazama kina kivuli katikati, anaona pembeni tu. Daktari amemwambia macho hayatarudi. Alificha kwa sababu amebakiza miaka mitatu kustaafu, na kwa sababu hajui atakaa nyumbani mchana kutwa akifanya nini. Mitihani alikuwa akisomewa na mkewe, ambaye ni mkunga. Mama huyo alikuwa akitoka zamu amechoka, akiruka alama za kiprogramu asizozijua, pengine akisinzia katikati ya jibu. Palipokosekana maneno, Mwalimu alikisia. Aliomba mkewe asilaumiwe.

Fundi alisema, "Pole, Mwalimu," akafuta maneno yake. Msaidizi alisema naye anampa pole kwa moyo wote, lakini wanafunzi hawaponi kwa pole, na hafuti neno. Mwalimu alisema asifute.

KUMB. NA. 4/4: MAAZIMIO
Mwenyekiti alishauri Mwalimu achukue likizo kimyakimya na matokeo yabaki yalivyo: funika kombe mwanaharamu apite. Msaidizi na Mwakilishi walikataa. Mwalimu naye alikataa, akasema karatasi zisiposahihishwa upya atakwenda kwa Mkuu wa Chuo kwa miguu yake. Mwenyekiti alimuuliza Katibu kama sehemu hii inaweza kuachwa. Katibu alijibu kwamba ameshaiandika.

Iliazimiwa karatasi zote tisini zisahihishwe upya kabla ya muhula kufunguliwa, na aliyefaulu asipunguziwe alama. Msaidizi atachukua sitini. Mwenyekiti alisema thelathini atachukua yeye.

Iliazimiwa pia somo likabidhiwe kwa Msaidizi. Msaidizi alisema analipokea kwa sharti moja: Mwalimu aje kila Jumanne aeleze kwa mdomo, yeye aandike ubaoni. Alisema mazoezi anayajua, ila miti aliielewa siku Mwalimu alipokaa naye kwenye kibaraza saa tatu nzima baada ya yeye kufeli jaribio, na kueleza namna ile yeye bado hajaweza.

Mwalimu aliuliza wanafunzi wataambiwa na nani.

"Na wewe mwenyewe, Mwalimu," alisema Msaidizi.

Mwalimu alisema sawa, lakini apewe hizi siku kumi. Watoto wake hawajui. Anataka waanze wao kusikia.

KUMB. NA. 4/5: KUFUNGA KIKAO
Mwalimu aliomba ruhusa ya kutangulia. Fundi aliinuka amshike mkono. Mwalimu alimshukuru, akasema ngazi za jengo hili ni kumi na saba na anazifahamu. Wajumbe walibaki wameketi, wakisikiliza hatua zake. Mwenyekiti hakufunga kikao mpaka iliposikika amefika chini, saa 11:20 jioni.

............................          ............................
MWENYEKITI                    KATIBU