Mama Alikuona Stesheni

Barabara ya Griviţa 112,
Bukaresti.
14 Novemba 2006

Mpendwa kaka Sorin,

Hamjambo huko Hispania? Wifi Camelia mgongo umempoa? Sisi miili ni mizima, ila moyo wangu haujatulia, ndiyo maana nimeshika kalamu. Kwenye simu ningelia.

Baridi imewahi mwaka huu. Kabichi za kuchachusha tumeshazijaza kwenye pipa.

Sasa nikueleze. Unajua kumbukumbu za Mama zinavyomponyoka. Alhamisi nilitoka kuanika nguo, niliporudi ndani hayupo, wala koti lake la kanisani halipo. Nikajua ni Stesheni ya Kaskazini. Ndiko tulikokusindikiza, na tangu kiangazi alikuwa hanipi raha: "Treni ya Sorin inaingia saa ngapi?"

Nikakimbia. Ilikuwa jioni, watu wanarudi makwao, mabegi na viwiko huna pa kupenya. Nikamwuliza polisi, nikauliza wauza maua, hakuna aliyemwona. Kila treni iliyoingia ilinikata maini.

Nilimkuta kwenye benchi mwisho wa jukwaa, anamlisha mkate wa ufuta mwanamume nisiyemjua.

"Kula," anamwambia. "Umekonda. Kwani huyo mkeo hapiki?"

"Anapika, Mama. Ni kazi tu zimezidi."

Kuniona tu, uso ukamng'aa. "Viorica, kaka yako kaja, nawe umesimama kama jirani."

Yule mtu akanisogelea, akaninong'oneza: "Nisamehe, dada. Aliniita Sorin, nikakana, akalia mbele za watu. Aliponiita tena nikaitika." Anaitwa Lucian. Treni yake ya kwenda Iaşi ilikuwa imeshamwacha.

Mama alimbusu kwenye paji, akamwambia aende asije akachelewa kazini. Sikumsahihisha Mama. Sikuweza.

Tangu hapo haulizi treni. Analala, anakula, anawaambia majirani ulikuja. Ningefurahi, lakini juzi nilimwonyesha picha yako uliyotutumia Pasaka. Akaitazama, akanirudishia.

"Kijana mzuri," akasema. "Wa nani?"

Sikulaumu, kaka, kazi za ugenini nazisikia. Ila usingoje Krismasi. Mama ameacha kukungoja, Sorin. Njoo.

Nisalimie wifi, na mwanenu Ilinca mumbusu kwa niaba yangu. Shangazi Paraschiva anawasalimu nyote. Mama Mtakatifu awafunike kwa vazi lake.

Mdogo wako akupendaye,
Viorica