Njia Aliyoichagua Mayasa

Jumatatu, 1 Disemba 2025

Bi Thuwaiba amekubali! Anauza asumini na vikuba, vile vishada vya maua ya kunukia, sokoni Darajani, na aliona vikuba alivyofunga dada yangu Mayasa kwenye harusi ya jirani. Anamtaka mezani kwake kila alasiri. Sharti moja: aje peke yake. “Mimi nnataka mfanyakazi, Ilham. Sitaki mgeni na mlinzi wake.”

Mayasa ana miaka ishirini na tatu, na hajawahi kutoka nyumbani peke yake. Ana ulemavu wa akili. Mambo humchukua muda kuyashika, ila akishayashika hayamtoki.

Mama aliniuliza maswali chungu nzima. Mwisho akasema: haya, mfundishe njia. Akipotea mara moja tu, hatoki tena.

Mara moja tu!

Jumatano, 3 Disemba

Nimemchagulia vichochoro vya nyuma. Vitupu, hakuna hata baraza moja la kukaa watu nje. Mama nimemwambia ni kwa sababu hakupiti vespa. Sababu ya kweli naiandika hapa — mimi mwenyewe siwezi kupita penye wazee waliokaa. Wote wanakutazama, lazima uwaamkie, na sauti yangu haitoki.

Leo Mayasa alisimama katikati ya kichochoro. “Njia yako haina watu.”

Nikamwambia ndiyo uzuri wake. Akaniangalia kama mimi ndiye mzito wa kuelewa.

Jumamosi, 6 Disemba

Kesho. Mama amelipiga pasi buibui la Mayasa mara mbili.

Jumapili, 7 Disemba



Nilimuahidi sitomfuata. Nikatangulia — nikajificha mwisho wa kichochoro, nimuone akipita. Dakika kumi. Ishirini. Hapiti mtu! Nikarudi nyuma mpaka karibu na nyumbani. Hayupo. Nikajua nshamfungia dada yangu ndani maisha yake yote.

Nikatokea njia kubwa, kwenye baraza la Mzee Mcha na wenziwe wanaocheza dhumna. Nikasimama.

“Shikamooni!”

Nilipiga kelele mpaka mchezo ukasimama.

“Marahaba. Una nini, mwanangu?”

Namtafuta Mayasa, nikasema.

“Mayasa? Kashapita zamani! Katuamkia mmoja mmoja, katwambia anakwenda kazini. Huyu hapa hakumuitikia — kamsubiri mpaka akaitika!”

“Nlikuwa nnahesabu dhumna,” yule mwenziwe akajitetea.

“Na wewe nani?” akauliza Mzee Mcha.

Mdogo wake, nikasema.

“Ala! Mayasa ana mdogo wake?”

Wakacheka. Miaka kumi na minane nakaa mtaa huu! Yeye amepita mara moja.

Nikakimbia mpaka Darajani. Yuko mezani kwa Bi Thuwaiba, vidole vinakwenda, rundo la vikuba mbele yake. Hakuinua hata kichwa.

“Ulipotea?” akaniuliza.

Bi Thuwaiba alicheka mpaka akajifuta macho kwa mtandio. Nami nikacheka, nikalia kidogo.

Jumatatu, 8 Disemba

Mama amejua. Mzee Mcha mwenyewe alimsimulia asubuhi, akimsifu Mayasa. Lakini Mama anasema: hakufuata njia aliyofundishwa, basi huko ndiko kupotea.

Nikamwambia ukweli wote. Kwamba ile njia niliichagua kwa woga wangu. Kwamba aliyepotea jana ni mimi. Sijawahi kuzungumza na Mama hivyo, maneno marefu, bila ya kuangalia chini.

Sasa hivi ni saa kumi kasorobo. Naandika hapa ukumbini, haraka. Mayasa ameshavaa, mkoba begani. Mama amesimama mlangoni, ameshika komeo.

“Mama, Bi Thuwaiba ananisubiri.”

“Basi Ilham akupeleke.”

Mayasa amefikiri. Amechukua muda wake. “Aje,” amesema. “Lakini mimi mbele.”

Mama ametaka kucheka, amejizuia. Na huko nje — sauti ya Mzee Mcha kutoka barazani kwake! “Mayasa we! Leo hupiti?”

“Naam!” Sauti ya Mayasa imejaa nyumba nzima. “Nnakuja!”

Mama anamtazama. Analitazama komeo. Mkono wake unalivuta — mlango wazi! Mayasa yuko mbele tayari.